Damu ya kisigino haitaki haraka

Wiki iliyopita muuguzi wa zahanati moja huko Ukerewe aliniandikia: "Habari za kazi dada. Sampuli zangu za DBS zimerudishwa tena. Wanasema nyingine zilifika mbichi, nyingine zina pete. Mganga mfawidhi kanisema mbele ya wenzangu. Nifanyeje?" DBS ni matone ya damu ya kisigino cha mtoto, yanayokaushwa kwenye maduara ya kadi ya karatasi ili maabara ipime kama ana VVU. Nilimjibu kwa ufupi usiku uleule, ila nimeona jibu lenyewe niliweke hapa. Najua hayuko peke yake, na hilo la kusemwa mbele ya watu najua linavyouma.

Mimi DBS nilizianzia kwenye kituo cha afya upande wa Sengerema, chumba cha kliniki ya mama na mtoto chenye dirisha linalotazama ziwa. Daraja la Kigongo hadi Busisi lilikuwa bado. Bahasha yetu ilipanda bodaboda, ikasubiri kivuko, ikavuka, ndipo ikaelekea maabara mjini Mwanza. Kwa hiyo kituo kizima kilikuwa kinaangalia saa ya kivuko. Kadi zimechukuliwa saa nne asubuhi, saa sita dereva anapiga honi nje, zinafungwa. Nilikuwa nasema hazijakauka. Naambiwa zitakaukia njiani. Ndani ya mfuko wa plastiki uliobanwa, zikaukie wapi?

Kikao cha robo mwaka kikafika. Mkubwa mmoja akasimama na orodha ya sampuli zilizokataliwa, akasoma jina langu, kisha akasema muuguzi anayeshindwa kudondosha damu kwenye duara arudi chuo. Fomu nilikuwa nasaini mimi, kwa hiyo jina lililoonekana ni langu. Waliokuwa wananiharakisha walikuwa wamekaa palepale, kimya. Sikujibu kitu. Miaka imepita, na bado nikikumbuka kile kikao nakosa raha.

Ila kuna kilichoniuma kuliko kikao. Mama mmoja wa kambi ya wavuvi tulimpigia simu arudi na mtoto. Alikuja kwa mtumbwi, mtoto kamfunga kwa khanga mbili kwa sababu ya upepo, akakaa kwenye benchi akaniuliza taratibu: "Sista, si mlishamtoboa mwanangu? Ile damu mliipeleka wapi?" Nauli ya kuja aliikopa. Mumewe alikuwa hajui kwa nini mtoto anachomwa mara ya pili, na yeye hakuwa tayari kumweleza. Yote hayo yanabebwa na neno moja kwenye fomu: imekataliwa.

Wauguzi wenzangu, tukumbuke hii kadi inafanya kazi gani. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU anapimwa akiwa na wiki nne hadi sita. Kipimo cha haraka tunachowapima watu wazima hakimsaidii, kwa kuwa bado ana kinga za mama yake kwenye damu na kinaweza kusoma hizo. Lazima atafutwe kirusi chenyewe, kwa PCR. Watoto walioambukizwa wasipopata dawa, karibu nusu yao hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili, na wengi wao ni katika miezi ya mwanzo kabisa. Utafiti wa CHER wa Afrika Kusini, uliochapishwa 2008, ulionyesha kwamba kuwaanzishia dawa mapema kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Sasa kadi ikirudi baada ya wiki kadhaa, mama atafutwe, apatikane, damu ichukuliwe upya, isafiri upya, hesabu mwenyewe huyo mtoto amefikisha umri gani.

Baada ya yule mama nilikaa na mfawidhi wangu nikamwambia: kadi mbichi haitoki chumbani humu, honi ipigwe isipigwe. Tukagombana. Mwisho tukakubaliana kwamba damu ichukuliwe siku moja kabla ya siku ya usafiri, kadi zilale usiku kucha. Sitasema mengi kuhusu miezi iliyofuata, ilikuwa kazi ya kila siku tu. Barua za kukataliwa zikaanza kupungua, baadaye zikakoma. Leo wauguzi wapya wa vituo vya jirani wanaletwa kwangu kujifunza kutoboa kisigino, na hilo najivunia waziwazi.

Ninachowaonyesha kwanza ni kutofanya haraka. Mguu wa baridi hautoi damu, na asubuhi za huku kwetu ziwa linapovuma watoto wanafika miguu ikiwa ya baridi kabisa. Upashe moto kwanza, kwa mkono wako au kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, dakika chache. Mama amsimamishe mtoto kifuani, kichwa begani, miguu ining'inie chini. Pangusa kwa spiriti, kisha ngoja ikauke yenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: spiriti ikiwa bado mbichi inachanganyika na damu, na kwenye kadi unapata ile pete ya majimaji kuzunguka doa. Toboa pembeni ya kisigino, kamwe usitoboe katikati wala nyuma, kwa sababu mfupa uko karibu. Tone la kwanza futa kwa pamba kavu.

Halafu ngoja. Tone la pili litatokea dogo, litavimba, litaanza kuning'inia. Likishakuwa zito, sogeza kadi liguse karatasi, ngozi isiguse. Utaona jekundu linakimbilia ukingo wa duara. Igeuze kadi: kama nyuma pamejaa kama mbele, umepata. Duara lisipojaa, usirudi kuliongezea tone jingine juu, damu inapandana na maabara hawataipokea. Hamia duara linalofuata. Na tafadhali usikamue kisigino kama embe. Ukikamua yanatoka majimaji ya mwilini pamoja na damu, ile pete inarudi palepale. Ukiishiwa mguu mmoja, nenda mguu wa pili kwa lanseti (kisindano cha kutobolea) mpya. Maduara matatu yaliyojaa vizuri ninayapenda kuliko matano ya nusu nusu.

Kukausha nako ni kungoja. Muda wa saa nne ndio kiwango cha chini kabisa; kwetu kando ya ziwa, hewa ikiwa na unyevu kama wa masika, laza usiku kucha. Kadi ikae imelala juu ya raki, zisigusane, isiwekwe juani wala karibu na jiko. Funika raki kwa chandarua kwa sababu ya nzi, na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku. Doa lililokauka lina rangi ya kahawia iliyoiva. Likiwa bado linang'aa wekundu, muda wake haujafika. Likishakauka ndipo uweke karatasi laini kati ya kadi na kadi, mfuko wa zipu, vifuko vya kunyonya unyevu na kadi ya kupima unyevu. Vidoa vya bluu vya kadi hiyo ya unyevu vikigeuka pinki, badilisha vifuko kabla bahasha haijaondoka. Mdogo wangu wa Ukerewe aliniambia vifuko vinawaishia. Usitume bila hivyo ukiomba Mungu. Mwandikie mratibu wa maabara wa wilaya, ubaki na nakala.

Namba ya mtoto iandike kwenye kadi kabla ya kutoboa, ilingane na fomu na rejista. Baada ya kutoboa mtoto analia, mama ana wasiwasi, foleni inakusukuma, hapo ndipo namba zinapogeuzwa.

Na kwenu wakubwa wa vituo: mnaposoma orodha ya sampuli zilizokataliwa, someni na sababu iliyoandikwa pembeni. Kama ni "mbichi", ulizeni kwanza nani alipanga saa ya usafiri. Wewe mdogo wangu, sampuli ikirudi tena dai hiyo sababu kwa maandishi, ibandike ukutani juu ya meza ya kutobolea, na siku ya kikao nenda nayo mkononi.