Leso Ukutani Inamwambia Nani?

Mmeuliza wiki hii kama kuna faida kumpeleka mwanafunzi asiyesomea ushonaji kwenye maonyesho ya mavazi. Swali limenichoma, maana mimi nilikwenda.

Mwaka 2013 nilikuwa nasomea uuguzi London. British Museum ilikuwa na maonyesho ya vitambaa vya Afrika, tena bila kiingilio. Nikaingia, nikakutana na leso, yaani kanga. Hizi hizi za Biashara Street, Mombasa: pindo la pembeni, mji wa katikati, na jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa. Nikawa nayasoma majina polepole, midomo ikicheza, mpaka mama mmoja mzee wa Kiingereza akaniomba nimfasirie. Nikamfasiria. Akauliza, "Sasa inamwambia nani?"

Nilikosa jibu. Utotoni kwetu Mombasa, mamangu alinuniana na jirani. Asubuhi moja akaanika leso yake ya "Hasidi hana sababu", ile yenye alama ya mfanyabiashara wake, K.H.E. Mali ya Abdulla, pembeni, jina likaelekea dirisha la mwenzake. Kamba ya upande wa pili ilikuwa tupu, na jua lilikuwa huko. Jirani hakutamka neno. Siku ya tatu akapita mlangoni petu akienda dukani, amejitanda "Wema hauozi", akarudi njia ile ile na ya mkato anaijua. Jioni hiyo mamangu akaianua yake, akaikunja. Baadaye leso hiyo hiyo ilimbeba mdogo wangu mgongoni, na siku hizo haikumsema mtu.

Hayo nilijaribu kumweleza yule mama, maneno yakinikwama. Nikatoka nikiamini kwamba leso ikishatundikwa ukutani imekuwa bubu, na hilo ndilo nililokusudia kuwaandikia.

Lakini nikiandika najiuliza leso ya mamangu iko wapi. Ilichanwa winda, kisha ikawa tambara la kupigia deki. Watoto wa dadangu wanaokulia Nairobi wanajua leso ni nguo ya jikoni. Kwamba ina jina hawana habari. Zile za London bado mtu anaweza kuzisoma.

Basi wapelekeni, hata wanaosomea uhasibu. Ila wasiachiwe maelezo ya ukutani peke yake. Aitwe mama mmoja aliyewahi kununiana na jirani awasimulie, na kila mmoja apewe doti ajifunge mwenyewe, hata kama zilizotundikwa haziguswi.