Kabla ya kujenga nyumba ndogo uani, panga kwanza uwanja utakaobaki

Mtu akitaka kujenga nyumba ndogo nyuma ya nyumba yake, swali la kwanza analomuuliza fundi ni vyumba vingapi vitaingia. Mimi humshauri aanzie upande wa pili: uwanja utakaobaki utatosha kwa maisha gani? Nyumba za uani zimejaa Dar es Salaam, kuanzia Sinza hadi Mbagala, na nyingi zina tofali imara na bati zuri, ila uwanja umekufa. Nguo hazina pa kuanikwa, gari la majitaka halifikii shimo, na siku ya msiba turubai linafungwa barabarani.

Ya kwetu tuliijenga Tabata kwa ajili ya mama, kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 25 ambacho nyumba kubwa ilishachukua sehemu ya mbele. Mama alikubali kuja kukaa karibu na wajukuu kwa sharti kwamba awe na mlango wake, jiko lake na ufunguo wake. Nililiheshimu sharti hilo. Mtu aliyeendesha nyumba yake miaka yote hawezi kuletwa kwenye chumba cha koridoni kwa mwanawe, akaanza kuomba nafasi ya kuchemsha uji.

Kabla ya mchoraji ramani kuja, chukua vigingi, kamba na chokaa, uichore nyumba chini kwa ukubwa wake halisi. Yetu ilikuwa mita 7 kwa 4, na kibaraza cha mita moja na nusu mbele: chumba, sebule yenye jiko pembeni, choo na bafu ndani. Kwenye karatasi, mita tatu kwa tatu ni chumba kikubwa. Pale chini, ukishaweka kitanda cha futi tano kwa sita, kabati na mlango unaofunguka, ndipo unaona kama mtu atapita bila kujibana. Iache michoro hiyo wiki moja au zaidi. Ingiza gari, anika nguo, waache watoto wacheze, kisha jiulize viti vya wageni vitapangwa wapi siku ya shughuli. Sisi tulipunguza sebule ili turubai moja liweze kusimama kati ya nyumba mbili, na sijawahi kulijutia hilo.

Ulizia pia chini ya ardhi kuna nini. Viwanja vya zamani vya Dar vina mashimo ya choo yaliyofukiwa na mashimo ya taka ambayo hayaonekani tena. Ukijenga juu yake, udongo unaendelea kushuka na ukuta unapasuka kutoka kona ya dirisha hadi chini. Wa kuwauliza ni majirani waliokaa muda mrefu. Mzee mmoja wa jirani yetu alituonyesha kwa fimbo yake mahali palipokuwa na choo cha zamani, tukasogeza kamba.

Sasa upepo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo tofauti kati ya nyumba ya kulala na tanuri. Dar tuna pepo mbili kubwa. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, likitoka kusini na kusini-mashariki. Kaskazi hushika kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, likitoka kaskazini-mashariki, na hiyo ndiyo miezi ya joto kali. Nyumba ya uani imezibwa na nyumba kubwa upande mmoja na fensi pande zilizobaki, kwa hiyo upepo hauingii usipoutengenezea njia. Kila chumba kipewe madirisha kwenye kuta mbili, moja la kuingizia na moja la kutolea. Chumba chenye dirisha moja hakipitishi hewa vizuri hata liwe kubwa namna gani. Juu ya milango ya ndani acha matundu, ili hewa iendelee kutembea usiku milango ikiwa imefungwa. Weka neti tangu mwanzo, maana dirisha lisilo na neti litafungwa jioni kwa ajili ya mbu na kazi yote itakuwa bure.

Jua nalo lina mahali pake. Tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mchana jua hupita karibu na utosi, na ukuta unaoteseka ni wa mashariki asubuhi na wa magharibi kuanzia saa nane. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Upande wa magharibi upe choo na stoo, wala usiweke kichwa cha kitanda. Paa lichomoze sentimita 70 au 80 nje ya ukuta. Linakinga jua na mvua pamoja.

Fundi wetu, mtu mzuri na mwenye mkono safi, alisimama siku ya kupima akaniambia, "Dada, tukisogeza huu ukuta mpaka kwenye fensi unapata chumba cha pili. Unampangisha mtu."

"Fundi, hapo ndipo upepo wa mama unapopita," nilimjibu. Hatukurudia tena mazungumzo hayo.

Na hata pasingekuwa na upepo, fensi si ukuta wa nyumba. Msingi wake haukuchimbwa kubeba paa, upande wa pili ni wa jirani, na maji ya bati lako yatamwagikia kwake. Umbali wa kuacha kutoka mpakani utaambiwa na watu wa mipango miji unapoomba kibali cha ujenzi: manispaa za Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni, au Jiji la Dar es Salaam kwa sisi wa Ilala. Nyumba ya uani ni jengo, nayo inahitaji kibali kama lile la mbele. Anzia serikali ya mtaa, nenda na ramani, na usimwage zege kabla ya karatasi kutoka.

Ndani, kwa mzazi, nilisisitiza mambo machache. Kusiwe na ngazi kutoka kibarazani hadi kitandani. Milango iwe ya sentimita 90, ya choo pia, kwa sababu siku moja huenda akahitaji kiti cha magurudumu au mtu wa kumshika mkono. Marumaru za bafuni ziwe na mkwaruzo, sakafu iteremke kidogo kuelekea tundu la maji, na ukuta wa karibu na choo cha kukaa uwe imara wa kufungia bomba la kushikia. Swichi ya taa ifikiwe akiwa amelala. Mtungi wa gesi ukae nje, kwenye kisanduku chenye matundu.

Maji ya mvua wengi huyakumbuka yakishaingia ndani. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 20, hizo ni lita 800 ambazo zamani zilinyonywa na mchanga wa uani. Weka mfereji wa bati na tangi, na linapojaa ziada iende kwenye mtaro, isielekee msingi wa nyumba kubwa. Inua jamvi, yaani sakafu ya zege, juu ya usawa wa uwanja; sisi tulipandisha kozi mbili za tofali zaidi ya alizopendekeza fundi.

Shimo la majitaka liwe mahali ambapo bomba la gari la kunyonya linafika bila kupita sebuleni kwa mtu. Mwenye kisima aliweke mbali nacho, mita 30 ikiwezekana. Ukitaka kuunganisha kwenye shimo la nyumba kubwa, lifunue kwanza uone linajaa kwa kasi gani.

Kuhusu vifaa nitasema kidogo. Kwa tofali za inchi sita za kawaida kadiria tofali kumi kwa kila mita ya mraba ya ukuta, na za msingi uzihesabu peke yake. Zimwagiliwe maji siku saba angalau kabla ya kutumika. Mchanga wa ufukweni na maji ya kisima yenye chumvi usivikubali kwenye zege, vinakula nondo. Kwenye bati, geji 28 ni nene kuliko geji 30.

Umeme utegemee nani anakaa. Kwa mama tuliunga kwenye LUKU yetu, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, na nyumba yake ikapewa swichi kuu yake. Kwa mpangaji, omba mita yake tangu mwanzo; ugomvi wa yuniti umevunja ujirani mwingi mjini hapa. Kumbuka kwamba tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa humo humo kwenye LUKU, kwa hiyo muelewane nani anaibeba.

Kama wewe ndiye unayejenga kwenye uwanja wa wazazi, nakuomba ulichukulie hili kwa uzito. Kisheria, jengo lililoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi hiyo, na mwenye hati ndiye mwenye mali. Ukifika wakati wa mirathi, risiti zako za saruji hazitakusaidia sana mbele ya ndugu ambao hawakuambiwa kitu. Kaeni kikao wazazi wakiwa hai na wazima, ndugu wote wakiwepo, mwandike nani anatoa fedha na nyumba itakuwa ya nani, msaini mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa mtaa. Kwetu dada yangu mkubwa ndiye aliyeshika kalamu, na kila mmoja ana nakala.

Karatasi hizo na kibali vitafuteni wakati wa masika, Machi hadi Mei, ambapo hata hivyo mitaro ya msingi ingejaa maji. Juni chimbeni, ili bati liwe juu kabla ya vuli kuanza Oktoba.