Alhambra kwa siku moja

Swali: Tutakuwa Granada, Hispania, siku moja tu mwezi Julai. Tiketi za Alhambra, ile ngome yenye majumba ya watawala Waislamu wa zamani, tukanunue mlangoni?

Jibu: Hapana. Tiketi za Julai huisha siku nyingi kabla, kwa hiyo nunueni mtandaoni mara tu mkiwa na uhakika wa tarehe. Bebeni pasipoti zenyewe, si nakala, maana tiketi huandikwa jina.

Saa iliyochapwa kwenye tiketi si ya getini, ni ya kuingia Majumba ya Wanasri, ukoo wa watawala Waislamu wa Granada. Hapo ndipo wengi hukwama: wanafika lango la juu, upande wa bustani za Generalife, dakika tano kabla, kumbe kutoka pale hadi majumbani ni mwendo wa kama dakika 15. Mkichelewa hamwingii, na mkishatoka hamrudi ndani. Mwenye tiketi mkononi apitie Puerta de la Justicia, lango la mwaka 1348, lililo karibu zaidi.

Chagueni saa ya asubuhi, jua la mchana ni kali. Na tafadhali msikimbilie Ua wa Simba, uwanja maarufu wa ndani ya majumba hayo. Someni kuta kwanza. “Wa la ghaliba illa Allah”, hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu, limechongwa tena na tena.