Muulize mtoto kwanza anadhani kwa nini wanamwonea yeye

Mkuu, umeuliza kwa nini kijana wako wa miaka 12 anaonewa shuleni halafu hasemi, hajibu, wala haripoti, wakati dada yake alipochokozwa kwenye umri huohuo alifika nyumbani na kumwaga kila kitu siku ileile. Mimi nimekuwa mwalimu wa malezi na ushauri miaka mingi, wengi ninaokaa nao ni wa miaka 11 hadi 14, na kwa nilivyoona mimi tofauti yao mara nyingi haiko kwenye ujasiri. Iko kwenye kile mtoto alichojiambia kichwani baada ya kuchekwa.

Watoto wawili wanaweza kuitwa jina baya lilelile na kundi lilelile, mmoja akasema "wale jamaa wana tabia mbovu" au "nilikaa sehemu yao, kesho nakaa kwingine", mwenzake akasema "wananicheka kwa sababu ndo nilivyo". Yule wa kwanza ana pa kuanzia. Huyu wa pili hana, maana huwezi kuamka kesho ukawa mtu mwingine. Watafiti Sandra Graham na Jaana Juvonen waliandika kuhusu hili mwaka 1998 kwa wanafunzi wa umri huu huko Marekani, kwamba wanaojilaumu kwa jinsi walivyo ndo wanaoandamwa zaidi na upweke, wasiwasi na kujiona si kitu.

Kuna dogo mmoja alikuwa anachekwa sauti na mwili wake, nikamuuliza mbona hujaripoti, akanijibu taratibu kabisa: "Nikaripoti nini mwalimu, si wanasema ukweli?" Lile jibu lilinifundisha kuliko semina zote. Kwake kuripoti ilikuwa sawa na kwenda kutangaza kasoro yake kwa watu wazima ambao labda walikuwa hawajaiona. Na ukumbuke umri wenyewe, miili inabadilika kila mmoja na kasi yake, halafu mtoto anahisi macho yote yako kwake muda wote, mwanasaikolojia David Elkind alilieleza hilo tangu 1967, kwamba kijana wa rika hili anatembea na watazamaji wa kufikirika. Sasa mwambie mtoto wa hivyo asimame ofisini aeleze!

Ndo maana ushauri wa "wapuuze" au "nawe wajibu" unagonga ukuta. Atapuuzaje kitu anachokiamini? Wengine wanacheka pamoja na wanaowacheka ili yaishe, walimu tunaona ni utani tu. Na wapo wanaolipuka, wanapiga, hawa wanajionyesha wanajiamini kupita wote ila neno dogo tu linawachoma, mwisho wanaadhibiwa wao na waliowachokoza wanapata burudani ya bure.

Kingine ambacho wazazi tunakikosa ni pa kumsifia. Mwanasaikolojia Susan Harter alionyesha kwamba mtoto hajipimi kwa kipimo kimoja, kuna masomo, michezo, kukubalika na wenzake, mwonekano, tabia, na thamani anayojipa inategemea sana anafanyaje kwenye yale anayoyaona yeye ni muhimu. Kwahiyo kama kinachomuuma ni mwili wake, "lakini wewe una akili sana" haifiki kidonda kilipo, atakuitikia tu ili umwache.

Hapa naomba nieleweke vizuri sana. Sisemi mtoto anaonewa kwa sababu hajikubali, na nachukia kweli nikisikia mwalimu anamwambia mtoto "jiamini utaona wataacha". Uonevu ni kosa la anayeonea, na wenye mamlaka ya kuukomesha ni watu wazima. Ila ni mzunguko, kuonewa kunamshusha, akishuka anaonekana rahisi kuonewa tena, kwahiyo shule ifanye yake huku na wewe unashughulika na yaliyo kichwani mwake.

Unaanzaje? Mkiwa wawili, bila haraka, muulize "unadhani kwa nini wanakufanyia wewe?" kisha nyamaza. Hata akisema kitu kitakachokuuma usimkatize na "si kweli mwanangu", mwache amalize. Halafu muulize kabla yake walikuwa wanamfanyia nani. Karibu kila mara yupo mtu, na mtoto akimkumbuka huyo, ambaye hana kasoro anayodhani anayo yeye, anaanza kuona mwenyewe kwamba tatizo ni mchezo wa lile kundi.

Tafuta pia rafiki, hata mmoja. Kule Kanada watafiti walirekodi watoto wakiwa kwenye viwanja vya shule, ripoti ikatoka 2001, na mwenzao alipoingilia, zaidi ya nusu ya matukio yalikatika ndani ya sekunde 10. Na mtoto aliyetetewa mbele za watu ni vigumu kuendelea kuamini wote wanamwona takataka.

Shule lazima uende, usisubiri apone kwanza. Ila mwambie kabla hujaenda, mchague pamoja mwalimu wa kuongea naye na nini kisemwe, na uombe asiitwe mbele ya darasa. Na akianza kusema maneno kama "bora nisingekuwepo", achana na ushauri wetu wa humu, usimwache peke yake, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili au hospitali siku hiyohiyo.