Utando haufanyi mazoezi

SWALI: Jambo mzee. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari wa meno hapa Bukavu. Kazi yangu inahusu vile vipande vyembamba vinavyowekwa chini ya ufizi ili mfupa wa taya uote tena. Niviite membrani, ngozi au mautando? Na je, sentensi hii imekaa sawa: “Membrani zilifanyiwa zoezi la upimaji wa uwezo wa uoteshaji wa mfupa”? (Msomaji, Ibanda)

JIBU: Jambo sana, mwanangu. Andika utando. Neno linatokana na kutanda, ndilo lile la buibui na la maziwa yaliyopoa, na kitu chako kazi yake ni kutanda juu ya pengo. “Ngozi” iache, mgonjwa atadhani unataka kumchuna.

Sasa tuje kwenye hilo zoezi. Nimelivumilia redioni miaka na miaka: zoezi la chanjo, zoezi la usafi, zoezi la kuandikisha wapiga kura. Zoezi ni mtoto wa kuzoea. Wachezaji wa timu ya Bukavu Dawa wana mazoezi, sawa; utando wako ulikuwa unajizoeza nini? Mama wa Kadutu anayeuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ukimpa elfu mbili, anakupimia. Hakufanyii zoezi la upimaji wa sambaza. Siku akikwambia hivyo, hesabu upya chenji yako, maana kuna kitu kinafichwa.

Na kwako kimefichwa. Ulipima nini hasa? Uliuvuta utando hadi ukakatika? Uliuloweka, ukangoja kuona utayeyuka baada ya wiki ngapi? Uliupandia chembe hai za mfupa, ukaangalia kama zinashika na kuongezeka? Au ulitoboa fuvu la panya tundu la milimita 8, ambalo likiachwa hivyo haliwezi kuziba lenyewe, ukalifunika, kisha ukarudi kuona mfupa umefika wapi? Hizo ni kazi nne, kila moja na majibu yake. Zoezi limezimeza zote na bado lina njaa.

“Uoteshaji” nao umekuponza hata kwenye fani yako. Utando wa kawaida hauoteshi mfupa. Mfupa huota wenyewe, tena polepole. Nyama ya ufizi ndiyo yenye haraka, na isipozuiwa huwahi kujaza nafasi, mfupa ukakosa pa kukaa. Utando unaizuia nyama, basi. Ule wa kolajeni, yaani protini ile ya ngozi na mifupa, huyeyuka wenyewe baadaye. Ule wa plastiki isiyoyeyuka lazima daktari afungue tena autoe. Ungetumia kitenzi ungelazimika kusema nani anafanya nini, na kosa ungeliona siku ile ile. Lakini ukishapanga la, wa, wa, wa, hakuna anayefanya chochote.

Andika: “Tulipima kama utando unaizuia nyama ya ufizi isiingie mahali pa mfupa.” Kama ulipima uimara wake, sema ulipima uimara.

Wenzako wa maabara najua wanasema “tulitesti”. Silipendi, ila siku hizi nalipokea kwa shingo upande, kwa sababu angalau ni kitenzi. “Membrani” itaje mara moja tu, kwa ajili ya maprofesa watakaokuuliza kwa Kifaransa. Na wingi wa utando ni tando. Hayo mautando nimeyasamehe kwa leo.