Mbao za Shume zilishukaje mlimani?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimeona vyuma vikuukuu msituni huku Lushoto. Wenyeji wanasema Wajerumani walipasua mbao hapo. Walizishushaje bila barabara?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Habari yenyewe hasa iko Shume, hapo hapo wilayani Lushoto. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ya Wilkins & Wiese ilijenga kiwanda cha mbao huko juu, mahali walipopaita Neu-Hornow. Walichokifuata ni mwangati: mti ulionyooka, usioliwa na mchwa, laini kuchongwa, hata kutengenezea penseli. Ukiupasua, harufu yake inabaki mikononi mpaka jioni.

Mbao zilishuka angani! Kampuni ya Bleichert ya Leipzig ilitandika nyaya za chuma juu ya nguzo, zaidi ya kilomita 8, kutoka ukingo wa mlima hadi stesheni ya Mkumbara. Mzigo ulining'inia juu ya magenge, kisha ukapakiwa kwenye treni ya kwenda Tanga.

Mwangati hukua polepole mno. Inaniuma kuona msaindano na mikalitusi imeshika sehemu yake. Ukienda tena, pitia kwanza ofisi ya Hifadhi ya Msitu wa Magamba upewe mwongozaji. Na vyuma hivyo, tafadhali, wauza skrepa wasiviguse.