Maswali na majibu: mbao na mikro za gitaa la nyuzi saba

Maswali ya safari hii yametoka Lubumbashi, Likasi, Bukavu na Goma, na karibu yote ni ya watu wanaomtengenezesha fundi gitaa lao wenyewe. Kwa anayeanza: nyuzi saba ni zile sita za kawaida, ikaongezwa noti ya si ya chini, yenye mitetemo 61.7 kwa sekunde. Noti ya mi iliyo juu yake ina 82.4. Uzi huo mmoja ndio unaoleta maswali mengi hapa chini.

Nina ubao wa mukwa uliobaki kwenye mlango, unene sentimita nne, umekaa nyumbani miaka mitatu. Unafaa kuwa mwili wa gitaa? (Kampemba)

Unafaa, na una bahati. Mukwa, ambao Watanzania wanauita mninga, ni kati ya mbao zinazocheza kidogo sana unyevu unapobadilika. Lubumbashi hilo si jambo dogo: mwezi wa Agosti hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, na Januari milango inakataa kufunga. Ubao unaovimba na kunywea kila msimu utakuharibia kiungo cha shingo na mwili, hata kama sauti yake ni tamu namna gani.

Ila miaka mitatu ndani ya nyumba haitoshi kuwa ushahidi. Kata kipande kidogo katikati ya ubao, si mwishoni, maana mwisho hukauka kwanza. Kipime kwenye mizani ya gramu, kiweke kwenye oveni ya nyuzi joto 103, kipime tena kila baada ya saa chache mpaka uzito usimame. Toa uzito mkavu kwenye ule wa kwanza, gawanya jibu kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande kilichoanza na gramu 54 kikaishia 50 kilikuwa na unyevu wa asilimia 8, na hapo unaweza kukata. Ukipata 14 au 15, ubao urudi darini.

Shida ya mukwa ni uzito. Mwili wa kawaida ni kama lita nne na nusu za mbao, na mukwa una kilo 0.6 na kitu kwa lita, kwa hiyo mwili peke yake unakaribia kilo 2.8. Ongeza shingo pana, shevale (daraja linaloshika nyuzi mwilini) na mekaniki saba (vikazio vya nyuzi), utafika kilo nne na nusu, na ibada ya Jumapili ni ndefu. Mwambie fundi achimbe vyumba viwili ndani, upande wa juu na wa chini, kabla ya kubandika kifuniko cha milimita 6. Kila lita anayotoa inakupunguzia gramu 600. Sehemu ya katikati, chini ya mikro (kinasa sauti chenye sumaku) na shevale, abaki nayo nzima. Na avae kinyago: vumbi la mukwa linachoma pua na kifua.

Libuyu (mbao ya jamii ya mahogani) au mukwa, upi una sauti nzuri zaidi? (Goma)

Kwenye gitaa la umeme, mikro inasoma uzi wa chuma unaotetemeka juu ya sumaku. Mbao haisomwi. Inachofanya ni kushika ncha mbili za uzi zisitikisike, na tofauti kati ya libuyu mzuri na mukwa mzuri ni ndogo kuliko tofauti ya kusogeza mikro sentimita moja. Chagua ule uliokauka, ulionyooka, na mwepesi. Huko Goma libuyu ndio unaopatikana kirahisi, basi tumia libuyu. Anayekuuzia ubao kwa sababu ya “sauti ya joto” muulize kwanza ameukausha muda gani.

Muputu, mti wa miombo, uache uende kwenye makaa. Mikaratusi pia hapana: inajipinda na kupasuka hata baada ya kukauka.

Shingo ya gitaa langu la kwanza la nyuzi saba ilijikunja ndani ya mwaka mmoja, na fimbo ya chuma ya ndani imekazwa mpaka mwisho. Fundi alitumia mukwa mtupu. Kosa liko wapi? (Katuba)

Seti ya 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi) pamoja na uzi wa 59 kwa si inavuta shingo kwa nguvu ya zaidi ya kilo 50, usiku na mchana. Mukwa hauchezi kwa unyevu, lakini pia si mgumu sana kupinda, na watu huchanganya sifa hizo mbili. Unafaa sana kwa mwili. Kwa shingo unahitaji msaada.

Tunachopendekeza ni vipande vitano vilivyobandikwa vikisimama wima: libuyu milimita 20, wenge 6, libuyu 23, wenge 6, libuyu 20. Jumla 75, inatosha shingo yenye upana wa 48 kichwani na karibu 66 kwenye mwili. Libuyu ukatwe ili mishipa isimame wima ukitazama mwisho wa ubao, na kipande cha kati kigeuzwe ili mishipa yake iende kinyume na ya jirani. Wenge ni ghali ukifika Katanga, lakini unahitaji vijiti viwili tu.

Kole (gundi) ndiyo inayosahaulika. Kole nyeupe laini ya masanduku huendelea kutambaa chini ya mzigo, taratibu, hata baada ya kukauka. Tumia ile ya njano ya maseremala au epoksi, bana saa 24, kisha acha ubao ulale wiki mbili kabla ya kuuchonga. Baada ya hapo utaona kama unataka kujipinda, na ni afadhali uuone sasa.

Mfereji wa fimbo ya chuma uwe katikati, kina milimita 10 hivi. Sasa piga hesabu: ukitaka unene wote wa 20 kwenye freti (kijichuma cha shingoni) ya kwanza, ubao wa freti ukiwa 6, chini ya mfereji panabaki milimita 4. Akikuambia anaweza kuifanya nyembamba mpaka 17 kama gitaa za dukani, panabaki 1, na fimbo itatokea mgongoni. Fimbo iwe ya kuvuta pande zote mbili, maana kiangazi huenda ukahitaji kuisukuma shingo upande wa pili.

Hiyo iliyokwisha kujikunja: legeza nyuzi zote, rudisha fimbo, uone kama inanyooka. Isiponyooka, ng'oa ubao wa freti kwa pasi ya moto, ingiza vijiti viwili vya kaboni pembeni mwa fimbo, bandika upya. Kuendelea kukaza ni kutafuta kuikata.

Urefu wa uzi uwe milimita 648 au 686? (Lubumbashi)

Ukitumia uzi uleule na noti ileile, 686 inakupa mvuto zaidi kwa asilimia 12. Noti ya si inakuwa kavu, haipepei ukipiga kwa nguvu. Gharama yake ni mkono: freti ya kwanza inakuwa na upana wa milimita 38.5 badala ya 36.4, na uzi wa mi mwembamba unakaza, kwa hiyo teremka kutoka 10 hadi 9 na nusu. Ukipiga sebene ya kasi kwenye freti za juu muda wote, baki 648 na uweke uzi wa 62 kwa si. Ukiwa katikati, 673 ni jibu zuri.

Nataka ubao wa freti wa mukula na mwili mweupe. Naweza pia kupeleka mbao kidogo kwa ndugu yangu Zambia? (Kipushi)

Kwa ubao wa freti mukula ni mzuri. Tatizo ni rangi yake. Ukipiga msasa, vumbi jekundu linaingia kwenye matundu ya mbao nyeupe, halafu koti la kwanza la vernii ya spiriti linaliyeyusha na mwili unakuwa waridi. Usipanguse kwa kitambaa chenye maji wala spiriti. Paka mwili mweupe makoti mawili ya vernii kabla ubao mwekundu haujakaribia, na vumbi liondolewe kwa upepo wa kompresa.

Kuvuka Kasumbalesa na mbao ni habari nyingine. Mukula uliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) mwaka 2019, na mkutano wa Panama wa Novemba 2022 ukaongeza jamii yote ya Pterocarpus ya Afrika, mukwa nao ukiwemo. Bila kibali usiubebe hata ubao mmoja.

Nimeonyeshwa mikro mbili za nyuzi saba: moja ya kiloomu 16, nyingine 9. Ile ya 16 ndiyo yenye nguvu? Napiga metali lakini pia rumba. (Likasi)

Omu zinakuambia urefu na wembamba wa waya, basi. Waya mwembamba zaidi unaongeza omu bila kuongeza sauti. Namba ya kuuliza ni henri, kipimo cha jinsi waya uliozungushwa unavyozuia mabadiliko ya umeme. Mikro yenye henri nyingi ina nguvu katikati lakini inakata sauti za juu, na kwenye si ya chini unapata matope: noti inasikika, mgongo wake hausikiki. Kwa mikro ya karibu na shevale tafuta henri 4 hadi 6.

Kebo nayo imo kwenye hesabu. Chukua mikro ya henri 8 na kebo ya pikofaradi 100 kwa mita. Ukiwa na mita 3, kilele cha sauti kinakaa karibu 2,800 Hz. Weka mita 9, kinashuka hadi 1,800. Watu wamebadilisha mikro nzima kumbe walihitaji kebo fupi.

Kwa rumba, nunua mikro ya bobini (mizunguko ya waya) mbili yenye waya nne, na uweke swichi ndogo ya kuzipanga sambamba badala ya mfululizo. Henri zinashuka mpaka robo hivi, sauti inang'aa, na bado mngurumo unafutwa. Wengi wanazima bobini moja, na kwa umeme wetu hiyo ni kuualika mngurumo. Potensiometa (vizungusho vya sauti na toni) ziwe kiloomu 500, kondensa ya toni mikrofaradi 0.022. Kiloomu 25 ni za mikro za betri tu. Ukizichanganya, gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi.

Urefu wa kuipandisha: bonyeza freti ya mwisho, acha milimita 2.5 chini ya mi nyembamba na 3 hadi 3.5 chini ya si. Ukikaribia zaidi sumaku inavuta uzi mnene, na uzi wa si haukubali kulingana na nyingine hata ukihangaika na mekaniki.

Mikro ya nyuzi sita haiwezi? (Ruashi)

Nyuzi sita zinachukua karibu milimita 52 pale kwenye shevale, saba zinachukua 63. Moja itabaki nje. Ukikosa kabisa, ya nyuzi saba yenye bapa la chuma badala ya vichwa vya skrubu inasamehe makosa ya nafasi.

Sitaki si ya chini. Naweza kuweka noti ya la ya juu kwa ajili ya sebene? (Bukavu)

Kwa 648, uzi utakatika. Kuweka mwembamba zaidi hakusaidii sana, kwa sababu ukipunguza unene unapunguza mvuto na uwezo wa kubeba kwa pamoja. Kinachoamua ni urefu na noti. La ya 440 Hz kwa 648 inakaribia kikomo cha waya wa chuma. Jenga gitaa fupi, 610 au chini, upate nafasi ya kupumua. Au fanya kama wapiga mi-composé: toa uzi wa re, weka mwembamba unaopanda oktava moja. Unafika 294 Hz tu, chini ya mi, haukatiki.

Kanisani gitaa linanguruma, na nikigusa maikrofoni kwa mdomo napigwa na umeme. Mikro za betri zitatatua? (Kenya, Lubumbashi)

Mngurumo zitapunguza. Umeme wa mdomoni hazitaugusa, na huo ndio wa kushughulikia leo. Weka multimita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maikrofoni. Ikionyesha makumi ya volti, usipige. Kwa kawaida ampli na mikisa vimechomekwa sehemu mbili tofauti, au kuna mtu alikata pini ya ardhi. Vyote viwili viingie kwenye soketi moja yenye waya wa ardhi unaofika kweli kwenye chuma kilichozamishwa udongoni, na fundi umeme aweke swichi ya usalama ya milliampea 30. Pima tena kabla ya ibada.

Kisha mngurumo: funika shimo la mikro na la potensiometa kwa utepe wa shaba, uungwe kwenye waya wa ardhi wa gitaa, na hakikisha kuna waya kutoka kwenye shevale. Ukipima kati ya nyuzi na mkono wa nje wa jaki, multimita isome chini ya omu moja.